Kweli Yenye Upole: Somo la Kisu cha Randa



Je, Mkristo anaweza kuwa mpole bila kuwa mwongo? Kwetu sisi wakimbizi swali hili si la darasani tu. Linatujia kila mara wazee wa kanisa wanapoombwa barua, ushuhuda au hukumu.

Tujifunze kwa maseremala. Hapa Bujumbura wengi wetu tunaijua Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi. Asiyejua useremala hudhani kwamba kisu kizuri cha randa ni kile ambacho makali yake yamenyooka kama rula mpaka pembeni. Lakini ubao wa meza ni mpana kuliko kisu. Pembe mbili zilizo kali huchimba mistari kila randa inapopita, na ukipitisha kiganja utaihisi.

Kwa hiyo fundi hupunguza pembe. Ananoa makali yote juu ya jiwe, kisha anakandamiza upande wa kushoto mara chache, na upande wa kulia mara zile zile. Makali yanapata upinde mdogo. Kwa ubao mbovu upinde huwa mkubwa, ili randa itoe maranda mazito. Kwa kumalizia, pembe hurudi nyuma kama unene wa karatasi tu. Akisimamisha rula juu ya makali na kuyatazama kwenye mwanga, ataona mwanga ukipita pembeni, si katikati.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, kisu hicho si butu. Kisu butu nacho hakichimbi mistari, lakini hakirandi. Kinateleza tu juu ya ubao. Pili, pembe zote mbili zimepunguzwa sawa. Mkono ukilalia upande mmoja, kisu kinakwenda kombo, na ubao pia.

Sasa tuchukue mfano. Mama mmoja amemlea mtoto wa marehemu dada yake tangu vita. Anaogopa kwamba ofisini watatenganishwa, hivyo anawaomba wazee waandike kwamba amemzaa yeye. Tufanyeje?

Mzee mwenye pembe kali atasema, "Huo ni uongo, ondoka." Amesema kweli, lakini amemjeruhi mama. Mzee butu atatia sahihi ili asimwone akilia. Wengi wetu tungependa kufanya hivyo, maana uchungu wa mama tunaujua. Lakini uongo ukigunduliwa, barua zote za kanisa zitadharauliwa, na yatima wa kesho ndiye atakayeumia. Tena tutakuwa tumemnyang'anya mtoto jina la mama aliyemzaa, ambalo pengine ndilo urithi pekee aliobaki nao.

Iko njia ya tatu. Tuandike yaliyo kweli, na tuyaandike yote: huyu ni mtoto wa dada yake, amemlisha na kumvika tangu mwaka fulani, majirani hawa wanashuhudia, na kwa desturi yetu mama mdogo ni mama. Kisha mzee mmoja amsindikize mpaka ofisini. Hatuwezi kumwahidi mama kwamba watakubali. Wakikataa, tutarudi naye tena. Upole wa namna hii una gharama kuliko sahihi ya haraka, kwa sababu unadai miguu yetu na siku zetu.

Na pembe ya pili tusiisahau. Kama mama huyo angekuwa wa kabila lingine, au shemeji wa mchungaji, je, barua ingekuwa ile ile? Walawi 19:15 inatukataza kumpendelea maskini katika hukumu, na inatukataza vilevile kumpendelea mkubwa. Pande zote mbili zahesabiwa sawa, kama fundi anavyohesabu mikono yake juu ya jiwe.

Basi kupunguza pembe si kupotosha kweli. Kinachopotosha ni ubutu, na ni mkono unaoegemea upande mmoja. Zaburi ya 85 inatuonyesha rehema na kweli zikikutana. Haisemi kwamba moja ilimfukuza mwenzake.

Wiki hii, tuulizane nyumbani: ni neno gani la kweli tulilolisema kwa pembe kali, na ni neno gani tulilolinyamazia kwa ubutu? Tumwombe Bwana atunoe.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.