Deni la Nyumba Ni la Wawili



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aya ya 1 hadi 7, tunasoma habari za mama mjane aliyemwendea nabii Elisha. Mumewe alikuwa mcha Mungu, lakini alikufa akiacha deni, na mdai alikuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Tutazame mambo matatu katika habari hiyo, kwa maana yanatuhusu sisi wa Kedowa na Kericho nzima, ambako mara nyingi bonasi ya chai hufika ikiwa imekwisha kuliwa na madeni.

Jambo la kwanza: mama yule alisema kweli. Zamani mdai alibisha mlangoni na watu wote wa nyumbani wakamwona. Siku hizi deni hujificha ndani ya simu. Baba anakopa kwa simu yake, mama kwa yake, na kila mmoja ana namba yake ya siri. Hapo kinachoumia si mfuko tu, bali ni ile ahadi mliyoitoa mbele ya altare, ya kuwa waaminifu katika taabu na raha. Basi chagueni jioni moja, watoto wakiisha kulala. Salini Baba Yetu, kisha kila mmoja aandike katika daftari moja madeni yake yote: ya simu, ya duka, ya chama, ya Sacco, na ya kadi ya benki kwa aliye nayo. Anayesikiliza asikemee. Akikemea usiku huo, mwenzake atarudi kuficha.

Jambo la pili: alihesabu alichokuwa nacho. Ilikuwa chupa ya mafuta tu, lakini alijua ipo. Ninyi nanyi hesabuni, na kando ya kila deni andikeni riba yake. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ilitoza ada ya 7.5% kwa mkopo wa siku 30. Kiasi hicho huonekana kidogo. Lakini mtu akikopa shilingi 10,000 kwa ada kama hiyo, akalipa na kukopa tena kila mwezi, baada ya miezi 12 atakuwa ametoa shilingi 9,000 za ada, na zile 10,000 bado anadaiwa. Sacco nyingi hutoza 1% kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Shilingi 10,000 hizo hizo, zikilipwa kwa mafungu sawa kwa mwaka, riba yake yote ni shilingi 650, na deni limekwisha.

Kwa hiyo, aliye mwanachama wa Sacco aombe mkopo huko, alipe ule wa riba kubwa, na asirudi tena kwenye simu. Akirudi atakuwa na madeni mawili. Kumbukeni kwamba mjane aliazima vyombo kwa majirani. Wadhamini wetu ndio vyombo hivyo, nasi tusiwavunje.

Jambo la tatu: Elisha alimwagiza auze mafuta, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Deni lilitangulia. Sisi bonasi ikitoka hutangulia mabati, sofa na sherehe, na mdai hupewa makombo. Tugeuze utaratibu huo. Ikiisha kutengwa karo na chakula, kila deni lipewe kiasi chake cha lazima, na ziada yote iende kwa lile lenye riba kubwa kuliko yote. Likiisha, fedha zake zihamie kwa linalofuata. Mwenye kadi ya benki naye asiridhike na kile kiwango cha chini, kwa maana salio linalobaki huendelea kuzaa riba.

Aliyeshindwa kabisa amwendee mdai kabla ya tarehe kufika, aombe kupangiwa upya. Asikimbie kwa hofu ya aibu. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuwatumia ujumbe watu walio katika simu ya mdaiwa ili kumwaibisha.

Mjane yule alikuwa peke yake. Ninyi mko wawili, na Kristo kati yenu. Fungueni daftari hilo wiki hii. Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.

Katekista, Kedowa