Siri ya Marehemu na Haki ya Waliotajwa

Kwa adabu za Kiislamu, mwosha maiti akiona kasoro mwilini huisitiri. Aliyoyaona hayatoki nje ya pazia. Je, warithi wa mtu aliyeacha shajara ya vita hawafungwi na adabu hiyo hiyo? Mwandishi alijiandikia mwenyewe hofu zake, mapenzi yake na chuki zake, na sasa hawezi tena kuulizwa kama anaridhia hayo yasomwe makumbushoni na kila apitaye. Hoja hii ni nzito, na anayeijibu kwa kusema tu kwamba historia nayo ina haki zake hajaijibu. Hata hivyo naamini shajara ya vita itolewe, tena itolewe nzima, kwa sababu yaliyomo si ya mwandishi peke yake.

Mfano ni Dang Thuy Tram, daktari kijana kutoka Hanoi aliyewatibu wapiganaji katika Vita vya Vietnam huko Duc Pho, mkoani Quang Ngai, hadi alipouawa na askari wa Marekani Juni 1970, akiwa na umri wa miaka 27. Katika maandishi ya Aprili 8, 1968, anaeleza upasuaji wa kidole tumbo: dawa ya ganzi ilikuwa vichupa vichache, na askari aliyekuwa akipasuliwa hakuguna hata mara moja. Sisi tunaujua ustahimilivu wa kijana yule kwa sababu daktari aliuandika. Daftari likifungiwa sandukuni ili kumsitiri Tram, askari huyo naye anafutika. Ni kweli kwamba humo humo Tram analilia mapenzi yake kwa mwanamume anayemtaja kwa herufi M tu, na analalamika kwamba chama cha kikomunisti kinachelewa kumpokea. Ndugu mwenye huruma angetamani kuzificha kurasa hizo, lakini bila hizo msomaji angedhani ujasiri wake haukumgharimu kitu. Mwili anaouosha mwosha haubebi habari za mtu mwingine. Shajara inazibeba, na kwa hiyo ni ushahidi. Qur'ani, katika Sura An-Nisaa aya ya 135, inawataka waumini wasimamie ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Sitara ya marehemu haiwezi kuipita amri hiyo.

Wengine wataudhika kwamba madaftari yenyewe yako Lubbock, Texas, katika nchi ya waliomuua. Frederic Whitehurst, askari wa ujasusi wa Marekani, alikuwa akichoma karatasi zilizotekwa zisizo na faida kijeshi, mkalimani wake Mvietnam akamsihi asilichome daftari mojawapo la Tram kwa kuwa tayari lina moto ndani yake. Akalihifadhi kinyume cha kanuni. Mwaka 2005 nakala zilimfikia mama yake Tram, zikachapishwa Vietnam, na watu kwa mamia ya maelfu wakanunua kitabu. Familia iliridhia madaftari ya asili yabaki katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Texas Tech, na sioni fedheha hapo: Wamarekani nao wana haja ya kumsoma waliyemuua. Linalobaki ni heshima ya walio hai waliotajwa, na kwa hao hifadhi za nyaraka zina njia yake ya siku zote: kurasa zinazowagusa hufungwa kwa miaka kadhaa, bila kuchanwa, hadi wao wenyewe waridhie au wawe wamefariki.