Sura Ipendwayo na Kura Itolewayo

Mtu ampendaye mwimbaji hamdai hesabu. Amwonapo jukwaani hufurahi, akikosea humsamehe, na akiulizwa sababu ya mapenzi yake hujibu kwamba moyo hauna hoja. Mtawala, kinyume chake, ni mtu wa kudaiwa hesabu kila uchao. Je, itakuwaje sura ya yule wa kwanza akivikwa huyu wa pili? Nchi ya Japani yatupa mifano mizuri ya kulipima swali hili.

Hapo kale, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo, waigizaji wa michezo ya kabuki walipendwa kama wapendwavyo waimbaji wa siku hizi, na picha zao zilizochapwa kwa vibao vya mti zilinunuliwa kwa wingi. Mwaka 1842 serikali ya Shogun, ikidai kurekebisha maadili, ilizipiga marufuku. Mchoraji Utagawa Kuniyoshi hakuvunjika moyo. Alichora paka na kasa wenye nyuso za waigizaji; tena, yapata mwaka 1847, akachora ukuta wa ghala uliojaa michoro ya ovyo, kana kwamba mtoto mtundu amepita hapo na kipande cha mkaa. Kila mtazamaji akaitambua sura aipendayo, akacheka. Na kilichochekwa hasa ni ile amri. Sisi tuliolelewa katika mafumbo ya malenga hatuhitaji kufafanuliwa mbinu hiyo.

Hapo sura ipendwayo ilimtumikia mnyonge. Lakini mwenye nguvu naye aweza kuiazima. Koizumi Junichiro alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 2001, chama chake kiliuza picha zake kubwa za kubandika ukutani, na vijana wakazinunua kama za mwimbaji. Mwaka huo huo ilitolewa sahani ya nyimbo za Elvis Presley alizozichagua yeye mwenyewe. Sisemi kwamba hakuwa na sera. Alikuwa nazo, tena nzito, kama ile ya kubinafsisha posta. Lakini mimi nimefanya kazi ofisini miaka mingi chini ya picha za viongozi, na sijapata kuona picha ikijibu barua.

Tazama pia kundi la wasichana waimbaji liitwalo AKB48, lililoanzishwa Tokyo mwaka 2005. Tangu 2009 hadi 2018 mashabiki walifanya kila mwaka “uchaguzi mkuu” wa kuwapanga waimbaji hao daraja, kwa jina lile lile litumikalo kwa uchaguzi wa Bunge. Haki ya kura ilipatikana kwa kununua sahani ya muziki. Aliyenunua sahani mia alipata kura mia. Ulikuwa mchezo, lakini naona ndani yake kejeli ambayo pengine haikukusudiwa: ulionyesha uchaguzi wa nchi ungekuwaje lau kura ingekuwa kipimo cha mahaba na uzito wa mfuko.

Hata hivyo tusiwadhulumu waimbaji. Mwaka 2015 kundi la wasichana liitwalo Seifuku Kojo Iinkai, ambalo huvaa sare za shule, liliimba nyimbo za kukikejeli chama tawala katika mkutano mjini Yamato. Baadaye mji huo ukaondoa jina lake katika kuunga mkono mkutano huo. Sura changa hukaribishwa ikiwa pambo. Ikitoa neno, huambiwa imevuka mpaka. Na mwaka 2016 Imai Eriko, aliyekuwa mwimbaji wa kundi la SPEED, alichaguliwa kuingia Baraza la Juu la Bunge. Haki yake ya kugombea ni sawa na ya mwalimu au mvuvi. Na wajibu wake wa kutoa hesabu ni sawa na wao pia.

Basi kipimo kiwe nini? Nionavyo mimi, tuulize sura imeazimwa kwa kazi gani. Mwenye kejeli huiazima ili swali lisikike; mtafuta madaraka huiazima mara nyingi ili swali lisahauliwe. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nawe kijana, mpende umpendaye, imba nyimbo zake, bandika picha yake ukutani. Lakini siku ya kupiga kura, mapenzi hayo yaache nyumbani. Uchukue maswali yako.