Risasi Nyepesi

Neno "nyepesi" lina udanganyifu wake. Tukisikia adhabu nyepesi au kofi jepesi, tunasikia huruma. Kwenye risasi si hivyo.

Mjomba wangu hununua mahindi Handeni na kuyauza Korogwe. Siku za gulio hutembea na fedha taslimu (nikimtajia malipo ya simu, ananitajia makato), na ana bastola ya milimita 9 yenye leseni. Kwa kuwa nasoma uzamili wa falsafa, na kwake msomi ni msomi tu, aliniuliza kama risasi nyepesi zinafaa zaidi kujilindia. "Sitaki kuua mtu," alisema.

Risasi ya gramu 7.5 hutoka kwa kasi kuliko ya gramu 9.5. Ikiwa na tundu nchani, huchanua mwilini na mara nyingi hubaki humo humo. Inaweza pia kusimama mapema mno. Miami, tarehe 11 Aprili 1986, risasi ya aina hiyo ilimwingia jambazi ikakomea karibu na moyo. Jeraha lile lingemuua baadaye, lakini aliendelea kufyatua, na maofisa wawili wa FBI wakafa. Kwa hiyo wepesi haukumwokoa yeyote, hata aliyepigwa.

Mkutano wa The Hague wa 1899 ulikataza risasi zinazochanua vitani, kwa sababu ya ukatili wake. Polisi wa nchi nyingi huzitumia uraiani, kwa hoja kwamba risasi inayobaki kwa mlengwa haimfikii mpita njia. Naona polisi wana hoja. Nyumba nyingi za vijijini Handeni ni za miti na udongo, na nyuma ya ukuta kuna mtoto amelala. Gulioni, nyuma ya mwizi kuna mama amepanga nyanya zake. Hao hawakuchagua lolote, na haki yao naiweka mbele ya ya mwizi. Nilimwambia Mjomba, kama ni lazima, achague inayochanua, na asijidanganye kwamba ni ya upole.

Kinachonisumbua zaidi ni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18B, kinachomruhusu anayejitetea kutumia nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Kadiri hiyo hujulikana siku ya tukio. Risasi huchaguliwa dukani, kabla adui hajapata sura. Anayekimbia nyuma ya Mjomba jioni anaweza kuwa kijana wa bodaboda anayerudisha chenji.

Mmasai wa Handeni mwenye rungu anaweza kulishusha likiwa tayari hewani, au kulielekeza gotini badala ya kichwani. Kipimo kiko mkononi mwake mpaka mwisho. Mjomba atakuwa na nusu sekunde na kidole kimoja, na gramu alizozichagua miezi mingi kabla hazitabadilika kwa lolote atakaloliona usoni mwa yule kijana.