Kipya Kinyemi: Picha ya Chipukizi na Maadili ya Uteuzi

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii hutumiwa kumkanya mtu anayelikimbilia jambo kwa sababu tu ni jipya, lakini ndani yake mna ungamo pia: upya hutuvutia sote, hata tunapoyajua madhara yake. Makala haya yananuia kuuchunguza mvuto huo kupitia sanaa ambayo wahakiki wa fasihi hawaishughulikii mara nyingi, yaani upigaji picha. Swali letu ni hili: msanii anapolitenga chipukizi na mti uliolizaa ili uzuri wake uonekane, je, amesema kweli au amedanganya?

Tuanze na mfano wenyewe. Katika misitu ya Ujerumani hustawi mspurusi, nduguye msonobari, mti usiopukutisha majani yake yote kwa pamoja. Wakati wa theluji husimama na kijani chake kizito. Mwezi wa Mei ncha za matawi hupasua vifuniko vyembamba vya rangi ya hudhurungi, na humo hutokeza vishada vya majani laini, ya kijani chepesi kinachokaribia manjano. Hali hiyo hudumu kwa wiki chache tu. Baadaye majani hayo hukakamaa na kukoza rangi kama wenzake. Wapiga picha huziwinda wiki hizo. Hungoja upepo utulie, hulingoja jua liwe nyuma ya tawi ili mwanga upenye majani machanga, kisha huisogeza kamera karibu mno, hata majani ya zamani yaliyo nyuma yakageuka kuwa ukungu mweusi. Msomaji asiyewahi kuuona mspurusi na aufikirie mwembe: nao hukaa na majani mwaka mzima, na machipukizi yake hutoka na rangi ya shaba kabla ya kuwa kijani, ila wenyewe haungoji Mei.

Sasa tuangalie yale yasiyoonekana pichani. Kwanza, chipukizi la mspurusi si jipya kwa maana tunayoidhani. Vianzo vya majani yake viliumbwa ndani ya tumba mwaka uliotangulia, vikalala humo kipindi chote cha baridi. Kinachotukia Mei ni kufunguka na kurefuka. Pili, sehemu kubwa ya lishe ya kurefuka huko hutoka kwa majani ya zamani, ambayo huanza kutengeneza chakula mapema, kabla chipukizi halijaweza kujitegemea. Jani la mspurusi huweza kukaa tawini miaka 5 hadi 7. Lile la msonobari wa milima ya California uitwao Pinus longaeva huweza kukaa zaidi ya miaka 30. Lakini hata hilo huanguka. Tunapouita mti wa namna hii kuwa wa kijani daima, hatuna budi kukumbuka kwamba hakuna jani la daima. Kilichopo ni kupokezana kusikokatika.

Mtu anaweza kudai kwamba picha inayoyaficha haya yote ni ya uongo. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Karl Blossfeldt (1865–1932), Mjerumani aliyefundisha sanaa mjini Berlin, alipiga picha za mimea kwa miaka mingi ili wanafunzi wake wajifunze maumbo. Alikata, akapogoa, akaweka kila kipande mbele ya mandhari tupu na kukikuza mara kadhaa. Kitabu chake, Urformen der Kunst, kilichapishwa 1928. Picha zake ni nyeusi na nyeupe. Hata kijani chenyewe hakimo. Tungalimkataza kupogoa, tungaliyakosa maumbo yale. Hata hivyo ni vigumu kumwita mwongo, kwa kuwa alichokiweka mbele yetu ni umbo, na orodha ya picha zake hututajia jina la mmea na kiasi ulivyokuzwa.

Hapa ndipo tunapolazimika kutofautisha kuteua na kukana. Kuteua ni sharti la kila sanaa. Mtunzi asiyeacha lolote hatungi lolote. Kukana ni kuteua kwa namna inayomfanya mtazamaji aamini kwamba kilichoachwa hakikuwapo, au hakikuwa na kazi. Picha inayosema, “hili ndilo umbo la chipukizi,” ni ya kweli. Picha ile ile ikisema, “huu ndio uhai wa mti,” imepotoka. Yaweza kupingwa kwamba jani halina haki, hivyo haliwezi kudhulumiwa. Tunakubali. Anayedhulumiwa ni mtazamaji, anayezoezwa kukipenda kinachochomoza na kutokiona kinachobeba. Mazoea ya jicho hayabaki msituni.

Niruhusiwe hapa kusema kwa nafsi yangu. Nilipopata fursa ya kupiga picha ya aina hii, nilikuta kando ya chipukizi jani moja la zamani lililoanza kugeuka manjano. Lilikuwa likiiharibu picha, nikalichomoa kwa vidole. Picha ilitoka safi. Nilipoitazama baadaye nilitambua kwamba kitendo kile nimekuwa nikikitenda darasani kwa miaka. Nilipofundisha Kichomi (1974) cha E. Kezilahabi, nilikitenga na ushairi wa vina na mizani ili upya wake ung’ae. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyofuata arudhi na kutoka 1973, mwaka mmoja tu kabla yake, sikuiweka katika muhula huo. Wanafunzi wakaondoka wakidhani kwamba arudhi ilikuwa imekwisha kukauka. Sikuwaambia uongo hata mara moja. Niliwachomolea jani tu.

Tusilitumie jambo hili kulinyima chipukizi haki yake. Wapo wanaoshikilia usemi wa usiache mbachao kwa msala upitao hadi wakakataa kuliita jani changa jina la mti. Nao wanakosea, kwa sababu majani ya zamani yataanguka kwa zamu yao, na mti usiochipua utabaki vijiti.

Kwa kumalizia, hatupendekezi kwamba kila picha ionyeshe mti mzima, wala kwamba kila muhula ufundishe ushairi wote. Tunapendekeza jambo dogo zaidi: anayeteua akiri alichokiacha. Kwa mpiga picha, kifuniko cha hudhurungi kilichong’ang’ania nchani, au maelezo ya mstari mmoja chini ya picha, huweza kutosha. Kwa mwalimu, hutosha shairi moja la 1973 lisomwe kando ya moja la 1974, na wanafunzi waachwe wabishane. Picha yangu ningali nayo. Nimeandika nyuma yake kwamba pembeni palikuwa na jani, na kwamba ni mimi niliyeling’oa.