Udongo Ule Ule wa Tayamamu

Ndugu zangu waumini, nausia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Allah katika udongo. Tumezoea kuusiwa juu ya ulimi, mali na haki za jirani. Leo tutazame hapa chini tunapoweka vipaji vya nyuso zetu.

Baba yetu Adam aliumbwa kwa udongo. Msafiri akikosa maji, hupiga viganja juu ya ardhi safi akatayamamu, na swala yake ikasihi. Tukimzika mwenzetu, humtupia konzi tatu za udongo huo huo. Kitu chenye heshima namna hiyo, kwa nini kila mwaka, mvua zikikaribia, tunakitia moto? Maana anayechoma mabua shambani anauchoma udongo wenyewe.

Na tazameni udongo unavyozaliwa. Jiwe la mlimani hapa Irangi, Kondoa, huchomwa na jua mchana, likapoa usiku, likapata ufa. Maji huingia kwenye ufa, mzizi hufuata, jiwe likasagika kidogo kidogo. Majani huanguka yakaoza, mchwa na minyoo wakayachanganya na ule unga wa jiwe. Allah ameujaalia mwendo huo uwe wa taratibu mno: sentimita moja ya udongo huchukua mamia ya miaka. Mvua moja kubwa juu ya shamba tupu huweza kuiondoa jioni moja.

Wazee wa Kondoa hawahitaji kuhadithiwa. Makorongo yalikula mashamba hadi ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka katika eneo lililomomonyoka, kilomita za mraba zipatazo 1,250. Ilikuwa adha kubwa kwa watu wenye ng'ombe, wala sitaki kuipamba. Nyasi zilirudi, visiki vikachipua. Lakini udongo wa juu uliokwenda na maji haukurudi. Korongo lililoota nyasi limetulia, ila bado ni korongo.

Kesho asubuhi chukua bonge la udongo chini ya mwembe, pale majani yanapoachwa yakaoza. Chukua na jingine katika shamba linalochomwa kila mwaka. Yaache yakauke vizuri, kisha yatumbukize katika bilauri mbili za maji. La mwembeni litatoa mapovu madogo madogo na kubaki bonge. La shambani litaporomoka likawa tope kabla hujamaliza chai yako. La kwanza limeshikwa na mboji, na mizizi myembamba, na nyuzi za kuvu usizoziona kwa jicho. La pili halina wa kulishika. Hivyo ndivyo mvua inavyolifanya shamba lako, nawe umelala.

Basi mabua tuyatandaze. Yatakinga matone ya mvua, yatatunza unyevu, na yakioza yatakuwa chakula cha udongo. Samadi ya zizini tuiache iive kwanza, maana mbichi huunguza miche. Kunde na mbaazi tuzichanganye na mahindi, kwa kuwa vinundu vya mizizi yake vina vijidudu vinavyochukua naitrojeni hewani na kuilisha mimea. Penye mteremko tulime kwa kukingama, matuta yasielekee bondeni.

Na hili naliogopa zaidi: mtu anakodi shamba la mjane au la yatima msimu mmoja, analikamua, anachoma, anaondoka. Amelipa kodi, ndiyo. Lakini ameiacha ardhi ya mwenzake imechakaa, na hilo ni deni. Kama ni wewe, nenda kwa mwenye shamba, umtake radhi, kisha umpelekee samadi.

Mvua ziko karibu, ndugu zangu. Mwenye kiberiti na akiweke mfukoni mwaka huu, mabua yalale shambani mvua ya kwanza iyakute.