Onyesha Njia

Karatasi za mtihani wa Hisabati zilikuwa na agizo ambalo wengi wetu tulilichukia: onyesha njia. Ulikuwa umepata jibu sahihi, ukadhani umemaliza, na mwalimu bado akakata alama. Siku hizi nikiwatazama wanaojisomea wenyewe, watahiniwa wa kujitegemea, mafundi, akina mama waliorudi kwenye daftari baada ya kulea, jinsi wanavyoulizana hesabu kwa simu, naona agizo lile lilibeba adabu kuliko hata hesabu.

Maswali yao huja kwa namna mbili. Moja ni picha ya ukurasa wa kitabu na maneno mawili chini yake: "Naombeni msaada." Nyingine ni ndefu kidogo, tena ina haya: "Nimeambiwa nitafute (5 + 3)². Nimezidisha 5 kwa 5 nikapata 25, na 3 kwa 3 nikapata 9, jumla 34. Kitabu kinasema 64. Nimekosea wapi?"

Wa kwanza hata ukimpa jibu hujampa kitu, maana jibu liko nyuma ya kitabu. Wa pili amekuonyesha pa kuanzia. Mwambie achore mraba wenye upande wa 8, kila upande augawe 5 na 3, apige mistari, kisha ahesabu vipande. Ataona mraba wa 25, mraba wa 9, na mistatili miwili ambayo hakuihesabu, kila mmoja 15. Hiyo ndiyo 30 iliyokuwa imempotea. Mtu aliyeiona kwa macho yake kwenye karatasi yake mwenyewe hana haja ya kukariri kanuni.

Kwa nini basi wengi huuliza kwa namna ile ya kwanza? Uvivu upo, siutetei. Ila naamini hofu ni kubwa zaidi. Anayeonyesha njia huonyesha na alipojikwaa, na kwetu aliyejikwaa hadharani huchekwa kwanza, kuinuliwa baadaye.

Mwanahisabati Srinivasa Ramanujan aliijua hofu hiyo. Alikulia Kumbakonam, kusini mwa India, akajifundisha hisabati ya juu kwa kitabu cha G. S. Carr, kilichojaa maelfu ya kanuni na uthibitisho haba. Chuoni alifeli kwa sababu masomo mengine hakuyajali. Januari 1913, akiwa karani katika bandari ya Madras, alimwandikia mwanahisabati G. H. Hardy wa Cambridge barua yenye kanuni lukuki alizozipata mwenyewe, bila kueleza alivyozipata. Hardy alishangaa, lakini alichodai ni kile kile cha mwalimu wetu: uthibitisho uko wapi?

Barua ya pili ya Ramanujan, ya Februari, ndiyo inayonigusa. Alieleza kwa nini alificha njia zake. Kwa nadharia yake, 1 + 2 + 3 + 4 na kuendelea bila kikomo ni sawa na −1/12, na alijua kwamba akilisema hilo wazi ataonekana wa kupelekwa hospitali ya vichaa. Kwa ujumlishaji wa kawaida ni upuuzi kweli. Kwa maana nyingine ya jumla, wanahisabati wanaikubali hadi leo. Hardy hakumcheka. Aliendelea kudai njia, mwaka 1914 Ramanujan akafika Cambridge, na 1918 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza.

Hapa Tanzania alikuwepo Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa kwenye friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alipouliza kwa nini, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alilirudia swali mbele ya mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake wakacheka. Osborne alikuwa na shaka, ila alikwenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo mpaka sasa.

Kuna pia kosa la upande wa pili, ambalo halisemwi sana: mjuzi anayemwaga mistari kumi ya alama za hisabati ili aonekane. Huyo hakumjibu mtu. Amejisifu tu, na muulizaji atashukuru kwa adabu kisha arudi gizani.

Ndugu msomaji, ukiletewa swali tupu, lisilo na kazi yoyote chini yake, usimfukuze mwenye nalo wala usimpe jibu. Mwulize: umefika wapi? Kisha mpe muda aandike, hata kama unaliona jibu tangu mwanzo.